Mzee Aliyetaka Kufa Amevaa

Ko!

Mara moja tu. Usiku, ukuta wa mbao, mvua juu ya bati. Ko! Kisha kimya.

Waliousikia mlio huo walikuwa wawili, na wa tatu alipigiwa simu. Washikeni hao watatu vichwani mwenu, maana mwisho nitawauliza habari zao, na sitamsaidia mtu kujibu.

Hapo zamani, si zamani ya majitu wala ya wanyama wasemao, zamani ya juzi tu, palikuwa na nyumba ya wazee katika milima ya Wanyakyusa, juu ya Ziwa Nyasa, mahali ambapo mvua hunyesha mpaka watu wakaacha kuitaja. Chini ya nyumba chai, juu ya nyumba migomba, na katikati wazee.

Katika chumba cha mwisho alikaa mzee mmoja. Jina lake ninalizuia kwa sasa, na sababu mtaiona. Mwiteni Mzee, kama walivyomwita wote. Ujanani alikuwa fundi wa nyumba za mianzi. Sasa alikuwa mrefu, mkavu, hana jino hata moja, lakini mdomo wake ulikuwa unakata.

Nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake. Mzee yeyote akiingia, na akili yake ingali inawaka, aliulizwa: siku mwili ukikataa, tufanyeje? Tukupeleke hospitali, tukutie mpira wa kulishia, tukuwekee mashine? Au tukuache kitandani kwako, tukupe dawa ya maumivu, tukae nawe? Mzee alisema. Muuguzi aliandika. Kisha ndugu yake mmoja, aliyesikia kwa masikio yake, alisimama mbele ya kitanda, akamtazama mzee usoni, akamtaja kwa jina, akasema: "Huyu ndiye, na haya ndiyo aliyoyasema." Bila uso na bila jina, karatasi ile haikuwa karatasi. Ilikuwa kitu cha kuwashia moto.

Sharti hilo la jina aliliweka muuguzi mkuu, Subilaga, na hakuliweka kwa kupenda ukubwa. Miaka ya nyuma mjukuu wa mtu alikuja na haraka zake, akasimama mlangoni, akasema, "Bibi yangu asisumbuliwe, aachwe apumzike," akaondoka. Bibi yupi? Wahudumu walidhani ni bibi wa kitanda cha dirishani. Hakuwa yeye. Bibi wa dirishani alitaka kuishi. Alitaka dripu, alitaka daktari, alitaka kila kitu. Alipougua wakamwacha apumzike. Alikufa akiwaita kwa majina yao, mmoja mmoja, nao wakimfuta jasho na kumwambia, lala bibi, lala. Subilaga alikuwa zamu siku hiyo. Tangu siku hiyo alisema: jina, au hapana.

Sasa, Mzee alikuwa na watoto wawili wa kiume. Mdogo, Lusajo, alipata ajali ya lori la chai, akalala katika hospitali kubwa ya bondeni na mpira puani, mikono imefungwa asije akauchomoa, mpaka akafa. Mzee aliketi kando yake mpaka mwisho. Kwa hiyo Subilaga alipomuuliza, hakufikiri.

"Andika," alisema. "Nimemwona mwanangu amefungwa kama mbuzi wa mnadani. Mimi nisifungwe. Nisitiwe mpira. Nisishushwe bondeni. Koo langu likikataa chakula, mliache likatae, ni koo langu. Nife hapa, mvua ikipiga bati. Umeandika?"

"Nimeandika, mzee."

"Na ukinitia mpira, sista, nitakufuata usingizini nikutekenye nyayo mpaka uache kazi."

"Hilo siandiki."

"Liandike. Ndilo la maana."

Ikabaki shahidi. Mwana mkubwa, Ambokile, alikuwa Dar es Salaam, na kila alipoambiwa aje alisema mwezi ujao. Subilaga akampigia.

"Kaka, njoo umsikilize baba yako, ushuhudie alivyosema."

"Sista, unaniita nije nitie sahihi baba yangu afe?"

"Afe anavyotaka yeye, siku ikifika."

"Nani anataka kufa? Wewe unamwitia! Mama yangu alifia sakafuni, mimi nimemshika kichwa, kwa sababu kijiji kizima hakikuwa na gari. Nikajiapiza. Wa pili hafi hivyo. Mwana hazungumzi kifo cha baba yake wakati baba anakula na kucheka. Msalimie, nitakuja mwezi ujao."

Akakata simu. Basi akabaki mtu mmoja, Tusekile, mjane wa Lusajo. Huyu ndiye aliyekuwa akipanda mlima na ndizi za kuchemsha na maziwa ya mgando. Mvua alikuja. Ukungu alikuja. Matope alikuja, viatu mkononi.

Lakini kwao mkamwana hamtazami baba mkwe. Akimwona njiani, huingia migombani. Baba mkwe akipita mlango wa mbele, yeye hutokea wa nyuma. Hasemi naye. Na jina la baba mkwe halipiti kinywani mwake, si kwa hasira, si katika sala. Wengi wa rika lake walikwisha kuacha mambo hayo. Tusekile hakuacha. Akija, jamvi lilitundikwa katikati ya chumba. Yeye aliketi upande huu, mgongo kwenye jamvi, khanga kichwani, na Mzee alikula upande ule. Walipotaka kuambiana jambo walimpitishia Subilaga.

Siku ya ushahidi ilikuwa hivyo hivyo. Mzee akayasema maneno yake yote tena, pole pole, nyuma ya jamvi. Alipomaliza akauliza, "Sista, mkwe wangu amesikia?"

"Mwambie nimesikia," Tusekile akanong'ona.

"Amesikia, mzee."

"Nimesikia kwamba amesikia. Mimi si kiziwi."

Tusekile akacheka ndani ya khanga. Ndipo Subilaga akashika ncha ya jamvi.

"Haya mama, pita huku. Mtazame usoni, umtaje jina, tumalize."

Kicheko kikakoma. Tusekile hakuinuka. Upande wa pili Mzee akaupiga ubao wa kitanda kwa kiganja.

"Sista! Unataka mkwe wangu anivue nguo?"

"Nataka jina tu, mzee."

"Ndiyo hiyo nguo. Mke wangu amekufa, mwanangu amekufa, nyumba nilizojenga zimeoza. Amebaki mtu mmoja duniani anayeingia migombani akiniona. Nawe unataka umtoe migombani?"

"Mzee, bila jina karatasi hii haifai kitu. Wakija kukubeba nitawazuia kwa kitu gani?"

"Nataka nife vizuri, na nataka nife nimevaa."

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili."

"Karatasi haipokei vyote viwili."

"Basi karatasi yako haina adabu. Msubirini Ambokile."

Wakamsubiri Ambokile. Mzee alijua wanachosubiri, Subilaga alijua, Tusekile alijua; na Ambokile alisema mwezi ujao.

Mvua kubwa ikashuka. Daraja la mto likafunikwa, Tusekile akashindwa kurudi kwake, akalala chumba cha wageni. Usiku huo ndipo, ko! Fimbo ya Mzee iligonga ukuta wa mbao na yeye mwenyewe akaanguka bila sauti. Subilaga aliusikia mlio, akakimbia. Tusekile aliusikia, akakimbia, akasimama mlangoni, mgongo kwa chumba.

Kiharusi kilikuwa kimepita upande mzima wa kulia. Mdomo umepinda, ulimi umelala, jicho moja linatazama dari. Mkono wa kushoto tu ulikuwa unatembea juu ya blanketi kama mtu atafutaye kitu gizani.

Subilaga akaitoa karatasi. Maneno yote yalikuwamo. Dole gumba la Mzee lilikuwamo. Nafasi moja ilikuwa nyeupe.

"Mama, geuka," alisema. "Ingia, mtazame, mtaje. Sasa hivi."

"Ni yeye, sista. Unajua ni yeye."

"Najua."

"Basi?"

"Na yule bibi wa dirishani nilijua. Mtaje."

Tusekile akafungua kinywa. Pumzi ikafika menoni, ikarudi. Akajaribu tena, ikafika, ikarudi. Akasema, "Ni baba yake Lusajo."

"Baba yake Lusajo si jina."

"Ni mzee wetu."

"Hapa wote ni wazee wetu!"

"Sista, anasikia. Nitamtajaje anasikia?"

Subilaga akampigia Ambokile. Simu iliita mara moja tu, kama iliyokuwa ikingoja.

"Mpelekeni!" sauti ilipasuka ndani ya chumba. "Mnasubiri nini? Mama yangu hakupata gari. Leo gari lipo! Mpelekeni, wafanye kila kitu, kila kitu, mnanisikia?"

Wakamfunga Mzee kwenye machela. Daraja lilipopitika, gari likashuka bondeni, na maji yakiruka pande zote mbili.

Hospitalini walimtia mpira puani. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa, wa kushoto ulikuwa hai, na huo wa kushoto ukauchomoa mpira. Wakaurudisha. Ukauchomoa. Wakaurudisha. Ukauchomoa. Wakaufunga mkono kwa bendeji kwenye chuma cha kitanda. Hapakuwa na mtu mbaya pale. Walikuwa wauguzi wapole, waliochoka, walioambiwa wafanye kila kitu.

Masika yalimkuta hivyo. Masika yaliondoka yakamwacha hivyo. Hakusema, hakumeza, hakufa. Mgongo ulifanya vidonda, vidonda vikafanya harufu, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaomba kuhamishwa. Bendeji ilikula ngozi ya kifundo cha mkono mpaka nyama ikaonekana, kwa sababu mkono ule haukuacha kuvuta. Usingizini ulivuta. Akiogeshwa ulivuta.

Ambokile alikuja safari hiyo, na hakurudi Dar es Salaam. Aliketi kando ya kitanda, akasukuma uji ndani ya mpira kwa bomba la sindano, akasema, "Leo baba amekula vizuri." Siku moja akainama. "Baba, unataka nini? Nionyeshe." Mkono ukavuta bendeji. Ambokile akatoka nje, akasimama karibu na bomba la maji, akafungua maji, akayaacha yamwagike muda mrefu bila kunawa.

Na Tusekile? Alikuwepo. Alikuja kila siku, akasimama koridoni, kwa maana Mzee alikuwa ndani.

Ikafika asubuhi ambayo mapafu ya Mzee yalianza kujaa. Daktari wa zamu akawaita koridoni: Ambokile, Tusekile, na Subilaga aliyeshuka kutoka milimani na karatasi yake.

"Naweza kuendelea," daktari alisema. "Ataishi kidogo, kwa taabu. Naweza pia kuutoa mpira, nimpe dawa ya maumivu, aende taratibu. Je, yeye mwenyewe aliwahi kusema?"

"Alisema," Subilaga akajibu, akampa karatasi. Daktari akaisoma, akafika penye nafasi nyeupe.

"Nani alimsikia, kati ya nduguze?"

Wote wakatazama sakafu, isipokuwa Ambokile. "Msiniulize mimi," alisema. "Siwezi kusema utoe. Siwezi kusema uache. Kama baba alisema, aliyemsikia aseme. Mimi sikuja kumsikia."

"Jambo jingine," daktari akasema. "Mpira ukitoka, nitaufungua ule mkono. Ndio pekee unaohisi. Kati ya vitanda panaingia kiti kimoja tu. Mtu mmoja aketi aushike mpaka aende. Chagueni."

Hapo ndipo waliposhikana maneno.

"Kuchagua nini?" Ambokile akasema. "Ule ni mkono wa baba yangu. Nilichelewa, nakubali. Nilimtesa, naona. Lakini nilimtesa kwa kumtaka! Ninyi wawili mlikaa naye mkapanga jinsi ya kumwachia. Mimi peke yangu nilikataa kumwachia. Mtoto afanye nini kingine?"

"Aje," Subilaga akamjibu. "Hicho ndicho kingine. Aje, kaka. Ungekuja siku moja tu, ungesimama dakika moja tu, baba yako angekuwa amezikwa bila vidonda."

"Na wewe uliyekuwa naye? Ulijua alichotaka, ukampakia garini! Karatasi yako ilikuwa na thamani kuliko macho yako?"

"Ndiyo," Subilaga akasema. "Macho yangu yalishawahi kuua. Kule juu wamelala wazee wengine, kila mmoja na neno lake. Nikiruka sharti kwa huyu ninayempenda, kesho nitaliruka kwa nani? Nilimkosea huyu mmoja ili nisiwe mtu wa kubahatisha. Lakini sikilizeni: wewe ulimletea simu, mwenzio alimletea ndizi. Nani alimuuliza anataka kufaje? Nani aliketi akaandika mpaka ya kutekenya nyayo? Mimi. Niacheni niushike mkono huo, nimwombe radhi."

"Na shemeji?" Ambokile akamgeukia Tusekile. "Wewe huna la kusema? Neno moja, shemeji! Ulikuwa mlangoni. Neno moja lingemwacha kitandani kwake!"

Tusekile alikuwa ameegemea ukuta, khanga imefunika uso.

"Lusajo alilala wodi hii hii," alisema. "Mnakumbuka? Baba yenu aliketi ndani. Hakutoka, hata kula hakutoka. Na kwa kuwa yeye alikuwa ndani, mimi nilikuwa hapa, kwenye ukuta huu. Mume wangu alikata roho nikimsikia kwa ukutani. Mkono wake nilimwachia baba aushike. Sikuingia. Sikumwambia mzee, nipishe. Sikumnung'unikia, hata kwa mama yangu. Hiyo ndiyo heshima niliyompa. Nyinyi mmempa ipi? Halafu usiku mmoja mnanigeukia: haya, mvunjie. Mtu aliyejifunza maisha yake yote kufunga mlango, mnataka aufungue mara moja, mvua inanyesha, mzee anasikia. Na yeye mwenyewe alikataa nisimtaje. Alivitaka vyote viwili. Mwulizeni yeye kwa nini."

"Kwa hiyo kosa ni la baba?"

"Sikusema kosa, shemeji. Nimesema mkono wa mume wangu nilimpa yeye. Leo na mimi nipewe mmoja."

Ndani, chuma cha kitanda kilikuwa kinalia kidogo kidogo, kwa jinsi Mzee alivyokuwa akivuta.

Daktari akakohoa. "Nisameheni. Yote hayo ni yenu. Mimi bado nahitaji jina."

Tusekile akaishusha khanga kutoka kichwani, akaifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kufanya kazi. Akapita mlangoni. Akapita vitanda vya wengine. Akafika, akasimama, akatazama chini.

Hakuwahi kuutazama uso ule. Ulikuwa uso wa Lusajo, uliozeeka.

Mzee akamwona. Jicho lile moja lilipanuka, likahangaika huku na huku, likikosa migomba ya kumficha yeye au ya kumficha mkwewe. Kisha likatulia juu yake. Mkono ukaacha kuvuta. Ikiwa ulimwambia sema, au ulimwambia usiseme, aliyejua ni yeye, na ulimi wake ulikuwa umelala.

"Huyu," Tusekile akasema, na pumzi ikafika menoni, na safari hii haikurudi, "huyu ni Angolwisye Kasyupa. Ndiye, na haya ndiyo aliyoyasema."

Nami naishia hapo, kiti kikiwa kitupu na bendeji ikifunguliwa. Mwana aliyemtaka mno akashindwa kuja. Muuguzi aliyemuuliza akashindwa kumwamini kwa macho. Mkamwana aliyemvika akamvua. Mkono ni mmoja, na hauna muda. Haya, semeni nyie mliokaa mkisikiliza: je, nani alistahili kuushika?